Mama Sururu Alivyopeleka Maji ya Kuchemsha Darasani

Ukitaka kumjua Mama Sururu, mtazame akiwa amekalia dawati la watoto wa darasa la pili: miaka hamsini na tisa, magoti yamekaribia kidevu, daftari limefunguliwa ukurasa mtupu, na usoni imeandikwa wazi kwamba leo atakayefundishwa ni mwalimu.

Jina lilikuwa la mumewe. Yule bwana alikuwa mchimba visima, na watu walimwita Sururu kwa sababu hakuonekana bila sururu begani, hata akienda kutazama mgonjwa. Alichimba visima vya watu wengi kwa mikono yake miwili, na cha mwisho akachimba cha kwake mwenyewe, nyuma ya nyumba. Mita kumi na nne kwenda chini, nusu udongo, nusu mwamba. Kazi ile ilimla miezi saba. Siku maji yalipotoka alipanda juu akiwa na tope mpaka kwenye kope, akamwambia mkewe, "Haya. Mtoni huendi tena." Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwambia maneno matamu kuliko hayo, maana Sururu hakuwa mtu wa maneno. Miaka sita iliyopita homa ya mapafu ikamchukua, na mjane akabaki na kisima.

Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kukisema. Ungeweza kumsema mwanawe, ungeweza kuwasema mbuzi wake, hata upishi wake ungeweza kuusema, mradi uwe umesimama karibu na mlango. Kisima, hapana. Kaya tisa za jirani zilichota pale bila kulipa chochote, ila kila mtu alitakiwa aseme kwamba maji ni matamu. Aliyesahau alikumbushwa kabla hajainua ndoo.

Chini ya kisima ilikuwa bustani, mistari ya spinachi, nyanya, karoti na vitunguu iliyonyooka kama imepigwa rula. Juu ya kisima, hatua nne tu, lilikuwa zizi la mbuzi watano, na ubavuni mwa zizi lundo la samadi lililofika kiunoni. Mama Sururu aliupenda sana mpango huo. "Ndoo mkono wa kulia, samadi mkono wa kushoto," alikuwa akisema. "Nizunguke kwani mimi tarishi?"

Nyumbani aliishi na mke wa mwanawe pamoja na mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu. Mwana mwenyewe alikuwa mwashi, kazi zake mjini, akija mwisho wa mwezi. Mjukuu walimwita Bosi, kwa kuwa alikuwa hajaanza kutembea vizuri lakini alikuwa ameshaanza kuamrisha. Mkwe alikuwa mtu mpole, mwenye kusikia, wa kufanya jambo kama alivyoelekezwa. Tangu Bosi azaliwe, nesi wa zahanati alikuwa amemwambia achemshe maji ya mtoto, na akachemsha kila asubuhi, huku mama mkwe wake akimpitia jikoni.

"Unapika maji? Yakiiva uniite."

"Sawa, Mama," mkwe alikuwa akijibu, akiongeza kuni.

*

Mafunzo yalikuja kwa tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa shule ya msingi. Yalikuwa ya wenye bustani, wakulima na wenye visima, bila ada, Jumatano na Jumamosi saa tisa alasiri, kwa wiki kumi. Mama Sururu asingekwenda, lakini alikuwa na wifi. Dada wa marehemu alikuwa fundi cherehani, nyumba yake hatua mia moja kutoka pale, na ulimi wake haukuhitaji kunolewa.

"Twende, wifi."

"Nikafundishwe nini? Spinachi zangu wewe mwenyewe unaziiba."

"Ukafundishwe kunyamaza."

"Basi tangulia wewe, una shida zaidi."

Wakaenda wote wawili. Darasani walikuta watu ishirini wamejibana kwenye madawati, ukutani kuna jedwali la kuzidisha na picha za matunda zilizochorwa na watoto. Mwalimu alikuwa msichana wa miaka ishirini na saba hivi, mwembamba, amevaa mabuti ya mpira yaliyofika magotini ingawa hakukuwa na hata tone la mvua. Kabla hajamaliza kuandika tarehe ubaoni alikuwa ameshapewa jina: Mwalimu Mabuti.

Ukweli usemwe, msichana alijua kazi yake. Aliwatoa nje, akachimba shimo, akawaonyesha udongo kwa tabaka. Aliwaambia nyanya humwagiliwa shinani, majani yaachwe makavu, na udongo ufunikwe kwa nyasi kavu ili usikauke. Aliwafundisha pia jinsi ya kumchanganyia mtoto anayeharisha maji ya sukari na chumvi, wakaimba kwa kupiga makofi kama watoto wa chekechea: lita moja maji ya kuchemsha, sukari vijiko vidogo sita vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko. Mfuga kuku, mzee mmoja aliyekaa nyuma na kucheka kila kitu, alidai wimbo ule unamfaa yeye baada ya sherehe.

Mama Sururu hakuimba, ila alishika. Na nyanya zake alianza kuzimwagilia shinani kwa siri, akichungulia kama wifi haoni. Wiki ya tatu zikaacha kuoza. Hakumwambia mtu. Alisema mbegu za mwaka huu ni nzuri.

Wiki ya nne ikaja habari ya chupa.

Mwalimu Mabuti alitoa boksi la vichupa vidogo, kila kimoja kina kikaratasi ndani. Akawaeleza wenye visima, ambao walikuwa kumi na mmoja, wajaze maji ya kisima mpaka kwenye alama, wafunge, walete. Vichupa vingekaa kwenye kabati la darasa siku tatu. Maji yakibaki kama yalivyo, heri. Yakigeuka meusi, basi kuna kinyesi cha watu au cha wanyama kinachoingia kisimani.

"Cha kwangu usihangaike nacho," Mama Sururu alisema. "Hayo maji wanayasifu kaya tisa."

"Tutayapima tu, Mama, ili wawe na ushahidi wa sifa zao."

Jumamosi kabati likafunguliwa. Chupa tano zilikuwa safi, sita nyeusi. Kichupa cha Mama Sururu kilikuwa cheusi kuliko vyote, cheusi ti, kama mtu ametia masizi.

Darasa zima likamgeukia.

"Chupa hii ilikuwa chafu," akasema.

"Chupa zote zimetoka boksi moja, Mama."

"Basi boksi."

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Akasogea, akainama ili wasemezane kwa chini. "Mama, nyeusi haina maana kisima ni kibaya. Maana yake ipo njia ambayo uchafu unapita. Njia tunaitafuta, tunaiziba. Nikuulize, zizi liko wapi?"

Hapo ndipo alipoharibu. Mama Sururu alisikia mtoto wa jana akimwambia kwamba marehemu alichimba kisima mahali pa kipumbavu.

"Unamjua aliyechimba kisima kile?"

"Sikubahatika."

"Basi nyamaza."

Mwalimu Mabuti akanyamaza. Akafungua boksi, akampa kichupa kingine. "Tutarudia, Mama. Jumatano ulete."

*

Nyumbani, mkwe aliuliza habari za darasa. Mama Sururu akasema wamefundishwa vitunguu.

Zile siku nne alikuwa akikizunguka kisima, anachungulia ndani, ananusa ndoo. Maji yalikuwa maangavu kama siku zote. Aliyaonja, yakawa matamu kama siku zote. Lakini roho haikutulia, kwa kuwa hakuwa mjinga. Alikuwa mbishi tu, na mbishi anajua anachokibishia.

Asubuhi ya Jumatano akateka ndoo, akamimina maji kwenye sufuria, akayachemsha mpaka yakatokota kweli kweli. Akayafunika yapoe. Kisha akasafisha kata kwa maji hayohayo ya moto, akajaza kichupa mpaka kwenye alama. Na kichwani alikuwa na maelezo yake, yamepangwa vizuri: maji ni ya kisima changu, sijayaongeza kitu, sijayapunguza kitu, nimeyapasha moto tu, na moto si dawa, hata chai inapashwa. Ukiyasikiliza maelezo hayo ukiwa na haraka, yanapita.

Wifi alikuja kuchota, akaona sufuria, akaona kichupa. "Umeanza lini kuchemsha maji?"

"Nataka kuoga."

"Kwa kichupa?"

"Chota uende, wifi, cherehani inakulilia."

Jumamosi kabati likafunguliwa. Kichupa cha Mama Sururu kilikuwa safi, ungeweza kusomea gazeti upande wa pili. Mwalimu Mabuti akakigeuza, akakitazama muda mrefu kidogo, akasema, "Kimebaki safi." Mfuga kuku akaanzisha makofi, darasa likaitikia. Mama Sururu akasimama, akapokea makofi ya watu ishirini, na wifi yake peke yake akawa anatafuta kitu mkobani.

Habari zilifika nyumbani kabla yake, maana jirani mmoja alipita njia ya mkato. Mkwe alimpokea mlangoni akicheka, Bosi kiunoni.

"Hongera, Mama! Nimesikia maji yetu yamepimwa, ni safi kabisa. Na mimi navyojitesa na kuni! Kuanzia leo sichemshi tena."

Hapa ndipo pa kusema. Neno lilikuwa moja tu, na mdomo alikuwa nao, mdomo wenyewe haujawahi kulala na njaa ya maneno. Mama Sururu akafungua mdomo, akasema, "Niletee kiti, miguu inaniuma."

*

Jumatatu mvua ilinyesha, ile ya kwanza ya msimu, inayoosha paa na kila kilicholala juu ya ardhi. Maji yalishuka kutoka zizini, yakapita chini ya lundo la samadi, yakafika kwenye mdomo wa kisima uliokuwa umeinuka kiganja kimoja tu, na mengine hayakuendelea mbele. Mama Sururu aliyatazama kutoka dirishani yanavyopotea. Akavuta pazia.

Alhamisi asubuhi Bosi alikataa kuamrisha. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili ya kwanza. Kisha akaharisha, akatapika, akaharisha tena, na kufika saa mbili alikuwa amelala begani mwa mama yake kama kitambaa kilicholowa.

Mama Sururu hakusubiri kuambiwa. Aliwasha moto, akachemsha maji, akahesabu vijiko kwa sauti. Na ule wimbo aliokuwa ameukataa darasani ukamtoka wenyewe, bila makofi: sukari sita za kusawazisha, chumvi nusu. Akamnywesha mtoto kijiko baada ya kijiko, huku wifi akikimbia kumtafuta jirani mwenye pikipiki. Kijiko kimoja kilirudi, viwili vikakaa. Mkwe alikuwa akimpangusa mtoto mdomo. "Nimemlisha nini mimi, Mama? Nimemlisha nini?"

Zahanati ilikuwa na mabenchi mawili, na mzani wa watoto unaning'inia kwenye boriti. Nesi, mama mnene mwenye saa iliyobanwa kifuani, alimvuta Bosi ngozi ya tumbo, akamtazama macho, akamchungulia mdomoni.

"Mmempa kitu njiani?"

"Maji ya sukari na chumvi," mkwe akasema. "Mama ndiye aliyeyachanganya."

"Mmefanya vizuri sana. Bila hivyo mngeniletea mtoto mkavu." Akavuta daftari. "Anakunywa maji ya wapi?"

"Ya kisimani kwetu. Lakini ni safi, nesi, yamepimwa kule kwenye mafunzo. Zamani nilikuwa nachemsha, nimeacha tangu Jumamosi baada ya majibu."

"Kama yamepimwa, basi itakuwa mikono au chakula." Sauti ya nesi ikawa nyembamba. "Wewe unanawa ukitoka chooni? Chakula cha jana unampa leo? Hebu nione kucha zako."

Na mkwe, mwanamke mzima, mama wa mtoto, akanyoosha mikono mbele kama mwanafunzi anayekaguliwa asubuhi. Kucha zilikuwa fupi na safi. Vidole vilikuwa na alama za kuungua, za kuinua sufuria za maji mwaka mzima na nusu.

Mama Sururu aliiona mikono ile. Zile sentensi zake alizozipanga vizuri zikaanguka, moja baada ya nyingine.

"Mwache," akasema. "Huyu hana kosa. Maji hayakupimwa."

Nesi akageuka. "Si amesema yamepimwa?"

"Yalipimwa mara ya kwanza yakawa meusi. Mara ya pili nikapeleka yaliyochemshwa. Huyu alikuja kuniambia anaacha kuchemsha, nikaomba kiti."

"Mama, sasa ulikuwa unamdanganya nani?"

"Chupa," Mama Sururu akasema.

Nesi akasukuma daftari pembeni. Akashusha mikono ya mkwe kwa taratibu, akampigapiga kiganja. "Nisamehe, mama. Wewe umefanya kama ulivyoambiwa."

Mkwe hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alichukua kikombe na kijiko, akamgeuzia Mama Sururu bega, akaendelea kumnywesha mtoto. Walikaa pale tangu saa nne mpaka saa tisa, kijiko kimoja kila dakika, na kwa muda wote huo mkwe alisema neno moja. Alisema, "Siku tano?" wala hakusubiri jibu.

Saa tisa na kitu Bosi akakisukuma kijiko kwa nguvu, akadai saa ya nesi. Nesi akavuta pumzi. "Huyu amerudi kazini," akasema.

*

Nyumbani mkwe hakukosa adabu. "Mama, chai." "Mama, nimetoka." "Mama, mlango." Maneno mafupi, yamekatwa pande zote mbili. Sufuria ya maji ilirudi jikoni asubuhi na jioni, na Mama Sururu alipopita pale hakuwa na mzaha wa kutoa. Alikuwa amezoea kugombana na watu wenye midomo. Kugombana na mtu anayekuletea chai kwa heshima hakukujua.

Siku hiyohiyo ya Alhamisi alikuwa amezifunga kamba za ndoo, akapita kaya zote tisa akiwaambia wachemshe hata maji waliyonayo ndani. Hakueleza sababu. Jumamosi alikwenda darasani mapema, akasubiri watu wote wakae, akainuka.

"Nina neno."

"Lini ulikosa?" mfuga kuku akasema, watu wakacheka.

Akalisema lote, toka sufuria mpaka zahanati, akiwa ameshika kingo za dawati. Hakulia wala hakulipamba. Alipomaliza, mfuga kuku, ambaye asingeweza kunyamaza hata akizikwa, akasema polepole, "Kumbe tulipigia makofi chai isiyo na majani."

Kicheko kilichopasuka kilikuwa kikubwa, na jambo la ajabu, Mama Sururu naye alikuwa ndani yake. Alicheka mpaka akafuta macho, na wakati wa kufuta ikaonekana hakikuwa kicheko peke yake.

Mwalimu Mabuti hakumwambia "nilikuambia". Watu wengi waliosoma sana wanaipenda hiyo. Aliuliza tu, "Bosi anaendeleaje?" Alipoambiwa yu mzima, akafunga daftari lake. "Somo la leo lilikuwa mbolea za majani. Limeahirishwa. Nani ana jembe karibu?"

Wakaja wote. Watu ishirini na wawili, matoroli matatu, na mwalimu aliyekuwa na mabuti ya kufaa kwa mara ya kwanza. Walilisomba lundo la samadi, wakalipeleka chini kabisa ya bustani, hatua arobaini. Mchana wa Jumapili walirudi kung'oa zizi. Mwashi mwenyewe, mwana wa Mama Sururu, alifika akiwa amepigiwa simu na mkewe. Hakuna anayejua aliambiwa nini, ila alimsalimia mama yake, akavua shati, akaanza kujenga ukingo wa kisima mpaka ukafika kiunoni, na sakafu ya saruji kuuzunguka, na mfereji wa kutoa maji, na mfuniko.

Ilikuwa katika kung'oa nguzo za zizi ndipo Mama Sururu alipoegemea jembe na kusema, kwa sauti ya mtu anayetoa msamaha, "Mungu ampumzishe Sururu. Hakujua. Zamani nani alijua mambo haya?"

Wifi akatupa nguzo chini. "Hebu koma!"

"Nimesema nini?"

"Kaka yangu alichimba kisima. Zizi alilijenga kule chini, kwenye uzio, mimi nilimshikia misumari. Aliyelileta hapa ni wewe! Mwaka ule aliofariki, goti lilikuuma, ukasema hutaki kupanda na kushuka. Ulimwita seremala, mimi nikiwa hapa hapa nachota maji. Usimsingizie marehemu uvivu wako."

Watu waliacha kazi. Mama Sururu alisimama akitazama kule chini kwenye uzio. Alijua. Kama mtu anavyojua mahali alipoweka kitu asichotaka kukipata. Miaka sita alikuwa amemtetea mumewe kwa meno na kucha dhidi ya kosa ambalo mumewe hakulifanya.

Wengine walidhani atajibu. Wifi mwenyewe alikuwa ameshashika kiuno tayari.

"Kwa hiyo yeye alichimba mahali pazuri," Mama Sururu akasema.

"Pazuri sana."

"Asante, wifi."

Wifi alishtuka kuliko angetukanwa. Tangu waitane mawifi, miaka thelathini na mitatu, neno hilo lilikuwa halijapita kati yao. "Na sufuria ile niliiona," akasema kwa chini, akiokota nguzo yake. "Ningesema mapema. Niliogopa utanikata kamba, nisichote tena."

"Ningekukata."

"Basi kosa tumegawana."

*

Dawa ya klorini ilitiwa Jumatatu kwa kipimo cha mwalimu, watu wakakaa bila kuchota mpaka harufu ikaisha. Ilipofika siku ya chupa, Mama Sururu alikiweka kichupa mbele ya mkwe wake, juu ya meza ya jikoni.

"Chota wewe. Mimi sikigusi."

Mkwe alikitazama. "Mama mwenyewe si ndiye mwanafunzi?"

"Mwanafunzi amefeli. Chota wewe, funga wewe, peleka wewe. Nitabaki na Bosi."

Mkwe akachota, akapeleka. Kikarudi na weusi kidogo, kama kivuli. Safari hii hakuna aliyelaumu boksi. Mkwe na mwalimu walikizunguka kisima pamoja, mpaka mkwe akaiona: ndoo ya kuchotea ilikuwa ikilazwa chini, kwenye tope walikopita mbuzi, kisha inashushwa ndani. Mwashi akapigilia ndoano, ndoo ikawa inaning'inizwa. Dawa ikatiwa tena. Chupa iliyofuata ikabaki safi. Mwalimu akasema hajaridhika mpaka ziwe mbili mfululizo. Ya pili nayo, iliyochotwa baada ya mvua kubwa, ikabaki safi.

Kazi ile iliwarudisha mkwe na mama mkwe wake kwenye kuzungumza, bila wao kupanga. Huwezi kumwambia mtu "shika kamba, vuta, subiri" kutwa nzima halafu jioni ukamnunia.

Siku ya mwisho ya mafunzo, Mama Sururu alimsubiri Mwalimu Mabuti nje ya darasa akiwa na kapu la karoti, nyanya na spinachi lililomshinda kubeba.

"Mwanangu, kuna neno nililokuambia. Nimekuja kuliondoa."

"Neno gani, Mama? Uliniambia mengi."

"Lile la 'basi nyamaza'."

"Aa. Lile nililiona la heshima kuliko mengine."

Mama Sururu akacheka, kisha akawa hacheki tena. "Sikiliza. Ulikuja hapa hutudai kitu. Nikakutukana. Ukanipa chupa nyingine. Siku mtoto alipolegea mikononi mwetu, hakuna nilichokuwa nacho kichwani isipokuwa wimbo wako. Vijiko sita. Nusu chumvi. Mungu akupe watoto, na akupe wakwe kama wangu. Na ukienda kufundisha kwingine, ukikutana na mama mwenye kichwa kigumu ana kisima, niite. Nitakuja kwa miguu. Hao mimi najua wanavyochemsha."

Mwalimu akalishika kapu kwa mikono miwili. Miezi iliyofuata alimwita kweli, mara tano, na Mama Sururu alikwenda mara zote tano, na goti lake.

Aliporudi nyumbani siku hiyo ya kapu, alimkuta mkwe amekaa kwenye ukingo wa sakafu mpya, ndoo ya maji yaliyotoka kuchotwa imesimama kando, na Bosi amesimama mbele yake ananyoosha mkono. "Maji!" Hakuwa akiomba.

Mkwe alijaza kikombe, kisha akakishikilia hewani. Alimwangalia mama mkwe wake usoni, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu zahanati.

"Hajapata kunywa ya hapa bila kuchemsha tangu siku ile. Nimpe, Mama?"

Jibu la zamani lingetoka kabla swali halijaisha. Mama Sururu akakaa chini kwanza, akanyoosha goti.

"Mara ngapi yamepimwa?"

"Mbili, mfululizo."

"Nani alichota?"

"Mimi."

"Basi mimi sina la kuongeza. Wewe ndiye unayejua maji haya kuliko mtu yeyote hapa. Ukisema anywe, atakunywa. Ukisema tuchemshe, nakuletea kuni sasa hivi."

Mkwe alifikiri. Alikinusa kikombe, akanywa yeye kwanza funda moja, akasubiri kama anayesikiliza kitu tumboni. Halafu akamwinamia mtoto. Bosi akashika kikombe kwa mikono yote miwili, akanywa mpaka chini, akadai kingine.

"Sogea kidogo, Mama, ukae kivulini," mkwe akasema, akijaza tena. "Halafu uniambie huyo mwalimu amesema nini. Yote, usinifiche."

Akamwambia yote.